Mwaka Simbilisi Walipojikuna

Shani alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nawawekea kuku maji hapa Misunkumilo. "Anti Kabula, shikamoo. Mama mkubwa anakuulizia. Anasema umehamia mjini mwezi wa pili sasa na hujafika hata kumsalimu. Usibebe kitu, anasema, ulete miguu tu." Nikamwambia nitakuja Alhamisi. Alhamisi nikasema kuku wana kideri, na haikuwa kweli. Jumamosi nikasema mvua. Kutoka kwangu hadi Makanyagio ni safari ya bodaboda ambayo haitoshi hata kumaliza hadithi moja na dereva, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa hodari wa kutofika kwa huyo mama mkubwa, Bi Zaituni. Nimetuma salamu, nimetuma asali, nimetuma kitenge cha Idi, nimetuma kila kitu isipokuwa mwili wangu. Nimefanya kazi ya mifugo wilaya tatu tofauti, nimestaafu, nimejenga, na muda wote huo nilikuwa na jambo moja la kumwambia mwanamke mmoja. Jumapili nilivaa, nikavua, nikavaa tena, kisha nikatoka.

Habari za kwetu naziacha zilipo, zina siku yake. Inatosha kusema kwamba baba alikuwa akitoka kijijini kwetu, Litapunga, kuleta samli dukani kwa Bi Zaituni, na mwaka nilipochaguliwa sekondari ya kutwa ya mjini, walikubaliana juu ya mizani ya duka, baba akiwa upande huu na yeye upande ule, kwamba nitakaa kwake. Nitafagia, nitachota maji, na zaidi ya yote nitakata majani ya simbilisi. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo, nyuma ya duka. Kilinuka mdalasini, sabuni ya mche na mafuta ya taa, na hadi leo nikipita penye sabuni ya mche najisikia nina miaka kumi na sita na sare mpya. Kati ya chumba changu na duka palikuwa na ukuta wa mbao wenye nyufa, kwa hiyo kila lililosemwa kaunta nililisikia nikiwa nimelala chali na daftari kifuani. Nilijua nani ana mimba kabla ya mume wake. Nilijua pia watu walivyokuwa wakinizungumza, maana hakuna aliyekumbuka kwamba mbao zina masikio yangu nyuma yake.

Jiko lilikuwa uani, chumba cha matofali mabichi chenye mafiga matatu na uchaga wa vyombo, na chini ya uchaga ndipo walipoishi simbilisi kumi na mmoja. Msomaji asiyewajua afikirie mnyama mnene asiye na mkia, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Kule nyanda za juu watu wanawafuga kwa kitoweo. Bi Zaituni hakuwala hata siku moja. Marehemu mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye treni, na safari moja alirudi na wawili ndani ya kapu, akasema jikoni penye simbilisi nyoka hakai. Mume alifariki, wale wawili wakazaa, na wa mwanzo akabaki mmoja tu, jike jeupe ambaye Bi Zaituni alimwita Bi Harusi. Alikuwa akisonga ugali huku akimpa habari za siku nzima, nani kaja, nani kakopa maneno ya jirani akayarudisha yameharibika, na Bi Harusi akimjibu kwa mluzi. Wote walikuwa na mluzi huo. Ukiingia na mzigo wa majani mabichi, hata kabla hujautua, jiko zima linapiga kelele za furaha.

Lazima niseme pia habari za mkono wake, maana ndipo kisa kilipo. Makanyagio yote walikuwa wanaamini kwamba mkono wa Bi Zaituni una heri. Mtoto anayetema dawa kwa mama yake alikuwa anaimeza kwa Bi Zaituni. Watu walitoka hospitali na chupa ya dawa ya maji wakapitia dukani kwanza, wakisema, "Tuanzishie wewe, Bi Zaituni." Naye anafuta kijiko kwa ncha ya kanga, anamimina, anasema bismillahi, mtoto anafungua mdomo. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilipata homa, akaniwekea vidonge kwenye ulimi kama ndege anayelisha kinda, kisha akaniletea uji wa mchele na migebuka ya kukaanga, samaki wa Karema, ambao sisi watu wa ng'ombe hatukuwazoea. Nilikula hadi miiba.

Miezi ya mvua kazi yangu ilikuwa rahisi. Nikitoka shule napita pembezoni mwa mashamba, nakata majani, nabeba kichwani. Ilipofika mwezi wa saba majani yalikauka, ikabidi niende mbali hadi bondeni, na wakati wa kurudi nilikuwa nakutana na wasichana wa darasa langu wakiwa wamekwisha kuoga na kupaka mafuta. "Haya, ng'ombe wamefika," mmoja alikuwa akisema, na wengine wanacheka hadi wanashikana mabega. Walikuwa wananiita Kabula Majani. Leo ningewacheka wao, lakini miaka kumi na sita haina ujuzi huo. Nikaacha kwenda bondeni. Nilikuwa nawawekea pumba za mahindi na maganda makavu ya mihogo, na Bi Zaituni akiuliza, "Umewakatia, mwanangu?" najibu, "Nimekata, mama." Niliusema uwongo huo kila siku kwa wiki nyingi, na uliteremka vizuri kama maji. Sasa najua simbilisi ni kama sisi, hawezi kujitengenezea mwilini kile kinachopatikana kwenye majani mabichi na matunda. Akikikosa ngozi inalegea, na wale wadudu wadogo wasioonekana, ambao labda walikuwa naye siku zote kwa adabu, wanapata nafasi ya kuchimba.

Mwezi wa tisa wakaanza kujikuna. Mwanzo ilikuwa jambo la kuchekesha, mmoja ananyanyua mguu wa nyuma na kujikuna shingo kwa haraka mpaka anapoteza mizani na kuanguka ubavu. Baada ya wiki haikuchekesha tena. Walijikuna usingizini. Walijikuna wakila. Manyoya yalitoka kwa mafungu, ngozi ikawa na magamba ya ukurutu, na mgongoni palipofikiwa na meno pakawa kidonda. Ukimnyanyua mmoja vibaya alikuwa anakakamaa mwili mzima, anatetemeka kama mwenye kifafa, kwa ajili ya muwasho tu. Mluzi ukaisha. Bi Zaituni akawa anasonga ugali kimya.

Siku moja nikiwa chali kitandani nilimsikia Mama Shani, jirani yetu, kaunta. Alikuja kununua chumvi. "Bi Zaituni, mi sisemi kitu, lakini hao wadudu wako walikuwa wazima mpaka huyo mtoto wa wafugaji alipokuja. Hawa wanalala na ndama ndani. Upele umekuja na mtu."

"Mama Shani, chukua chumvi yako."

"Nachukua. Ila nyie mnapokea watu bila kuwaangalia. Mrudishe kwao kabla haujatuambukiza wote."

Bi Zaituni akaniita. Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba kikapu changu kitafungwa siku hiyo hiyo na masomo yangu yameishia hapo. Akanishika mikono, akaifungua mbele ya Mama Shani, akapitia kila katikati ya vidole, akageuza viwiko, akainua nywele zangu nyuma ya masikio, polepole, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Machozi yalikuwa yananitoka kwa aibu. Kisha akamwambia jirani, "Ngozi ya mtoto huyu ni safi kuliko yangu. Umeona? Sasa nenda kapike." Nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyokuwa nimewahi kumpenda mtu, na papo hapo nikajua kwamba Mama Shani, kwa njia yake mbaya, alikuwa amesema kweli. Ugonjwa ulikuja na mtu. Nikaapa nitawaponya mimi mwenyewe kabla haujajulikana uwongo wangu wa majani.

Jumamosi nilikwenda Litapunga. Jumapili mchana nilirudi na chupa ya soda iliyojaa dawa ya baba ya kuogeshea ng'ombe, nimeiviringisha ndani ya gauni. Nilikuta Bi Zaituni anajiandaa kwenda arusini mtaa wa pili, ananukia udi. "Nimewapaka oili," akaniambia, akiwa na furaha kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimekwenda gereji jana, nikaomba ile oili chafu inayotolewa kwenye magari. Fundi anasema mbwa wake alipona kabisa. Uwatazame." Akaondoka. Nikaingia jikoni nikawakuta weusi wote kumi na mmoja, wamegandana manyoya, wanajilamba. Hata Bi Harusi alikuwa mweusi.

Niliwaosha oili ile kwa sabuni ya mche, mmoja mmoja, mpaka maji yakatoka safi. Hilo nalikumbuka vizuri, na nimelikumbuka vizuri kila mwaka: oili nilitoa yote. Kisha nikachukua beseni la kufulia, nikamimina maji, nikaanza kutia dawa. Baba hakuwa na kipimo. Alikuwa akimimina dawa kwenye pipa huku anakoroga kwa fimbo, na maji yakigeuka meupe kama maziwa yaliyoongezwa maji anasema, "Basi, hapo kupe anakufa." Nilikuwa nimesimama kando ya pipa hilo tangu utotoni na jicho langu liliijua rangi ile. Kwa hiyo nami nikamimina mpaka maji yakawa maziwa. Haikunijia hata kidogo kwamba ng'ombe wa baba alikuwa na uzito wa mamia ya hawa. Nikawazamisha wote, kichwa na masikio, jinsi ng'ombe anavyozama kwenye josho, na nikaanza na Bi Harusi. Nikawarudisha chini ya uchaga wakiwa wameloa. Nikamwaga beseni kwenye shimo la taka, nikafukia chupa, nikanawa kwa majivu. Nilijiona mganga.

Adhana ya magharibi ilipoita walikuwa wanapepesuka na kutokwa mate. Asubuhi, saba kati yao walikuwa wamekufa. Bi Zaituni ndiye aliyewakuta aliporudi alfajiri kutoka arusini, na mimi nilitoka kwa sauti yake. Alikuwa amechuchumaa na Bi Harusi mapajani, kwenye kanga yake ya arusi, na yule mnyama alikuwa mweupe tena, mweupe kuliko siku zote. Ningedhani weupe ule peke yake ungenisaliti. Lakini majonzi hayachunguzi. "Ni mimi," akasema. "Ni ile oili. Nimewaua kwa mkono wangu mwenyewe, Kabula. Walikuwa wanaumwa tu, mimi nikawaua."

Nilisimama mlangoni na sare yangu. Mikono bado ilikuwa na harufu. Ningesema maneno mawili tu. Nikaona kikapu changu, nikaona njia ya Litapunga, nikawaona wale wasichana wakishikana mabega, nikasema, "Pole, mama." Kisha nikaenda kuchimba shimo karibu na mpapai, na nikachelewa shule, na mwalimu aliponiuliza nikasema nilikuwa na msiba, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa.

Wanne waliobaki walipona, na waliponywa na watu wengine. Alikuwapo bwana mifugo mstaafu aliyezoea kununua tumbaku dukani. Bi Zaituni hakutaka kumwambia chochote, ikabidi nimfuate mimi nje, nimsimulie habari za kujikuna. Alikuja na sindano nyembamba. Akamweka simbilisi wa kwanza kwenye mizani ya sukari, akasogeza mawe mpaka yakalingana, akaandika uzito kwenye kiganja chake, akavuta dawa kiasi ambacho nilidhani sindano ni tupu. "Dawa ni uzito, binti," akasema. "Uzito kwanza, dawa baadaye. Na majani mabichi kila siku, hapo hakuna mjadala." Nilikwenda bondeni jioni ile, na kila jioni hadi mvua zikaja. Wasichana walicheka na mimi nikawapita na mzigo wangu. Kazi yangu yote ya maisha imetoka kwenye mizani ile. Nimewaambia wafugaji sijui wangapi, oili ya gari ni sumu, mnyama anailamba, na dawa ya kupe haipimwi kwa macho. Wananisifu kwa uchungu ninaosema nao.

Lakini siku ile bwana mifugo alipoomba mtu wa kumshikia mnyama, Bi Zaituni alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono ndani ya kanga. Niliona. Na wiki chache baadaye, nikiwa nyuma ya mbao zangu, nilimsikia Mama Shani amekuja na mwanawe mdogo, huyu huyu Shani wa leo, ana homa, na chupa mkononi. "Mwanzishie, Bi Zaituni, kwangu anatema." Kisha Bi Zaituni akasema, "Mpe mwenyewe. Mkono wangu siku hizi si mzuri." Nilivuta shuka hadi kichwani mchana kweupe. Nilikaa kwake mpaka nilipomaliza kidato cha nne, tukala pamoja kila siku, na sikusema.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani Jumapili hii niliposhuka kwenye bodaboda. Duka limekuwa sehemu ya kusukia nywele. Shani, ambaye ndiye anayemtunza sasa, alinipokea uani akiwa na binti yake mgonjwa mgongoni, akanipitisha jikoni. Pana jiko la gesi na sakafu ya saruji, na chini ya uchaga pana ndoo tu. "Mama mkubwa hafugi kitu," Shani akasema aliponiona nimeinama kuangalia. "Hata paka hataki. Na dawa hagusi, anti. Ya kwake ya presha mimi namtolea kwenye pakiti. Tukiwa wadogo tukiugua alikuwa anatukimbiza nyumba ya tatu tukanyweshwe na jirani. Tukimuuliza anasema mkono wake uliwahi kuua. Sisi tulikuwa tunadhani aliua mtoto."

Nilishika uchaga. Nilikuwa nimejua kwamba aliacha mwaka ule. Sikujua kwamba hakuanza tena.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, miguu imenyooshwa, amekuwa mdogo, macho yana ukungu lakini yananitafuta. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umenenepa, nasikia kwenye hatua zako." Tukacheka. Tukaulizana hali. Shani akatuachia chai na mihogo, akaenda kumlaza mtoto. Sikuigusa chai.

"Mama, wale simbilisi hukuwaua wewe."

Hakuuliza simbilisi gani.

"Ile oili niliiosha yote ulipokwenda arusini. Kisha nikawaogesha dawa ya ng'ombe, niliyoiba kwa baba. Niliipima kwa macho. Ni mimi."

Akanigeuzia uso. "Bi Harusi naye?"

"Naye. Nilianza na yeye."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu ndiye uliyekuwa unampenda. Nilitaka apone wa kwanza. Na majani, mama, sikuwa nakata."

"Hilo nilijua," akasema. "Pumba zilikuwa zinaisha upesi." Kisha sauti ikabadilika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanirudisha Litapunga."

"Ningekurudisha," akasema. "Siku ile ile, na kikapu chako kichwani. Na baba yako angekuja na samli, ningemwambia akulete tena, maana nani angenikatia majani?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Miaka yote hiyo, Kabula. Huyu Shani alipata degedege hapa mikononi mwangu, dawa iko juu ya kabati, nikaogopa kuishika. Nilikimbia naye barabarani kichwa wazi, natafuta mtu mwenye mkono mzima. Angeweza kufa."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nina hasira, niache niwe nayo."

Nikamwacha awe nayo. Tulikaa hivyo, mimi nikiangalia mikono yake juu ya kanga, mikavu, imetulia, mikono ambayo niliinyang'anya kazi yake na kuiacha ikiamini inastahili hivyo. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia kwenye mkeka ule, na wakati huo huo nilikuwa napumua kwa mara ya kwanza tangu kidato cha kwanza.

Shani akaingia na mtoto anayelia, chupa ya dawa kwapani, akipita kwenda kwa jirani wa kumsaidia kumshika. Bi Zaituni akageuza uso kufuata kilio.

"Shani. Mlete hapa."

"Mama mkubwa, ni wakati wa dawa yake, nampeleka..."

"Nimesema mlete. Na hicho kijiko. Kimekuja na chupa yenyewe?"

"Kimekuja nayo." Shani alinitazama.

Bi Zaituni alimpakata mtoto, akafuta kijiko kwa ncha ya kanga, mbele na nyuma. Kisha akanisukumia chupa. "Wewe mwenye macho. Nisomee kipimo."

"Mililita tano, mama. Kijiko kimoja, kijae hadi kwenye mstari."

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, neno kwa neno. Nikamshika kifundo cha mkono akamimina, nami nikamwambia hapo, mama, hapo imefika. Mkono haukumwaga hata tone. Akasema bismillahi, na mtoto akafungua mdomo.